Sanamu za Kelly Ingram Park, Birmingham: zinamsimamisha wapi anayezitazama?

MLETA UZI

Wakuu, habari za wakati huu. Katika uzi wetu uliopita kuhusu minara ya kumbukumbu, karibu wachangiaji wote walipima sanamu kwa kipimo kimoja, yaani kama sura imefanana na ya mhusika au haikufanana, na mchongaji akasifiwa au akakejeliwa kwa hilo tu. Mimi naona kwamba kwa sanamu zinazokumbuka mapambano ya haki za kiraia kuna swali linaloitangulia sura: mimi ninayeitazama nimewekwa wapi? Nimewekwa chini nikimwinulia shujaa macho, au nimetiwa ndani ya tukio lenyewe? Na kama nimetiwa ndani, niko upande wa nani?

Mfano wangu ni bustani ya Kelly Ingram iliyoko Birmingham, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Naishi Atlanta, na kutoka huku ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Kwa kuwa saa za kule ziko nyuma kwa saa moja, ukiondoka saa tatu asubuhi unafika saa nne asubuhi. Nimekwenda mara tatu, na kila mara nimetoka na maelezo tofauti ya kitu kile kile.

Kwanza historia yake kwa ufupi. Bustani hiyo ilipewa jina hilo mwaka 1932 kumkumbuka Osmond Kelly Ingram, mzungu wa Birmingham aliyewahi kuwa zimamoto na ambaye, baada ya kujiunga na jeshi la majini, aliuawa mwaka 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Shikeni hilo neno zimamoto. Kampeni dhidi ya ubaguzi wa rangi mjini humo ilianza Aprili 1963 chini ya Mchungaji Fred Shuttlesworth pamoja na Martin Luther King na wenzake, lakini ilikuwa ikidorora, kwa sababu mtu mzima aliyekamatwa akiandamana alijua kwamba kesho yake huenda hana kazi. James Bevel, mmoja wa waandaaji, akashauri waingizwe wanafunzi. Tarehe 2 Mei watoto walianza kutoka makundi kwa makundi katika kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, ambalo linatazamana na bustani hiyo, wakapelekwa jela kwa mamia. Kesho yake Eugene "Bull" Connor, kamishna aliyesimamia polisi na zimamoto wa jiji, aliamuru watoto wafunguliwe maji ya mipira ya zimamoto na waachiwe mbwa wa polisi. Kwa hiyo bustani yenye jina la zimamoto ndiyo iliyoshuhudia vifaa vya zimamoto vikiwaangusha watoto. Sijaona kibao kinachoitaja kejeli hiyo, na pengine hakihitajiki.

Mwaka 1992, jengo la makumbusho ya haki za kiraia lilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, bustani nayo ilitengenezwa upya, na katika miaka hiyo zikawekwa kazi za James Drake. Hizo ndizo zilizonifanya niandike. Drake hakuchonga mtu wa kutazamwa kutoka mbali. Alichukua njia ya waenda kwa miguu na kuisimamishia kuta mbili zinazotazamana, kisha katika kila ukuta akawatoa mbwa wa chuma, midomo wazi, wakirukia katikati. Katikati ndipo unapopita wewe. Hakuna sanamu ya mwandamanaji hapo, wala hakuna sanamu ya polisi aliyeshika mnyororo. Anayeandamana ni huyo aliyekuja kutembea asubuhi na kikombe chake cha kahawa. Mara ya kwanza nilipopita niliona aibu kidogo, kwa kuwa nilijikuta nimebana mikono kifuani ilhali nilijua fika kwamba wale ni chuma.

Mbele kidogo kuna kazi yake nyingine, mzinga wa maji umeelekezwa kwenye ukuta ambako vijana wawili wamejibana wakijikinga. Hapa mambo yanageuka. Njia inakuruhusu kusimama nyuma ya mzinga, na watu wengi, bila kufikiri, husimama hapo, maana ndipo picha inapokaa vizuri. Nimemwona baba mmoja akimweka mwanawe pale ampige picha, halafu akasita, akamhamishia upande wa ukutani. Hakusema neno. Nadhani mchongaji angefurahi zaidi kuliona hilo kuliko kupewa cheti.

Zipo kazi nyingine: watoto wawili na maneno yao kwamba hawaiogopi jela, wachungaji watatu wa mawe ya chokaa waliopiga magoti, kazi ya Raymond Kaskey, na King mwenyewe aliyewekwa tangu 1986. Sanamu ya wasichana wanne nitaileta baadaye, kwa kuwa ina habari yake. Naomba kuwasilisha, karibuni kwa hoja.

MCHANGIAJI (Dodoma)

Mkuu, nakushukuru kwa uzi wenye kueleweka. Lakini umeiruka sanamu ambayo ndiyo maarufu zaidi katika bustani hiyo, ile ya kijana anayeshambuliwa na mbwa huku polisi mwenye miwani myeusi akimshika. Nimesoma kwamba ilitokana na picha ya gazeti na kwamba kijana wa kwenye picha hakuwa hata mwandamanaji. Ikiwa ni kweli, je, jiji halikusimamisha uongo wa shaba? Na uongo ukishasimamishwa kwa ajili ya haki, unakuwa haki?

MLETA UZI

Mkuu, sikuiruka kwa kuikimbia. Nilitaka iulizwe, maana ndiyo ngumu kuliko zote.

Picha yenyewe ilipigwa na Bill Hudson wa shirika la habari la Associated Press tarehe 3 Mei 1963, na kesho yake ikatoka ukurasa wa mbele wa New York Times. Inamwonyesha polisi amemkamata kijana kwa sweta, na mbwa anamfikia tumboni. Ni kati ya picha zilizoufanya umma wa Marekani, Rais Kennedy akiwamo, uone kwa macho jambo ambalo ulikuwa ukilisikia kwa mbali. Ni kweli kwamba kijana yule alikuwa mtazamaji tu, mwanafunzi aliyekwenda kuangalia kinachoendelea. Wapo pia wanaosema kwamba polisi yule, ukiitazama picha vizuri, alikuwa anamvuta mbwa nyuma.

Sanamu ilichongwa na Ronald McDowell na kuwekwa Mei 1995, kwa agizo la Richard Arrington, meya wa kwanza mweusi wa jiji hilo. McDowell hakuinakili picha. Kijana alimpunguza umri na kimo, polisi akamkuza, na mbwa akampa meno ya mbwamwitu. Kijana anaegemea nyuma, mikono wazi, kama mtu aliyeamua kutojitetea. Kazi hiyo inaitwa Askari wa Miguu wa Birmingham, na jina hilo halimhusu kijana mmoja. Askari wa miguu ndivyo walivyojiita, na ndivyo wanavyoitwa hadi leo, watu wa kawaida waliojaza jela bila majina yao kuandikwa popote. (Msomaji wa Dar es Salaam ataikumbuka Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale katikati ya mji, mwenye bunduki na singe. Neno ni lile lile, lakini askari wa Birmingham hana hata fimbo.)

Sasa swali lako. Kama sanamu hii ingedai kuwa ni picha ya mtu fulani siku fulani, ningekubaliana nawe kwamba ni uongo. Lakini inadai kuwakilisha kundi, na kwa kundi hilo haikuongeza chumvi: watoto wadogo kuliko huyo walikamatwa siku hizo, na mbwa waliuma watu kweli. Hata hivyo sitaki kuisafisha kabisa. Mtu anayeijua picha akifika pale ataunganisha viwili hivyo papo hapo, na mchongaji alilijua hilo akalitumia. Ameazima ushahidi wa kamera, kisha akaurekebisha bila kusema. Mimi ningeiacha sanamu ilivyo na kuongeza kibao kinachoeleza picha ilikuwaje na kilichobadilishwa ni nini. Sidhani ingepungua nguvu.

Na nikirudi kwenye kipimo changu, sanamu hii ina udhaifu mwingine ambao haujadiliwi sana. Imewekwa juu ya kitako, nawe unaizunguka. Umekuwa mtazamaji, kama yule kijana wa kwenye picha. Sijui kama ni bahati mbaya au ni jambo la kufikiriwa, lakini kwa namna fulani inamweka kila mgeni mahali alipokuwa yeye kabla mbwa hajamfikia.

MCHANGIAJI (Unguja)

Ndugu yangu mleta uzi, maelezo yako ya njia ya mbwa yamenikumbusha shimo la Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana hapa Mji Mkongwe, ilipokuwa soko la watumwa. Kuna sanamu za watumwa watano shimoni, wamefungwa mnyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Mgeni anasimama juu kwenye ukingo anawatazama kwa chini. Mimi nimewapitisha watalii pale miaka mingi, na ninakwambia kwamba kule kusimama juu ndiko kunakowanyamazisha, kwa sababu wanatambua kwamba wamesimama aliposimama mnunuzi. Je, huko Alabama hakuna ya utumwa?

MLETA UZI

Shekhe, umenipa mfano bora kuliko wangu. Ndiyo, ipo, lakini haipo Birmingham, ipo Montgomery, mji mkuu wa jimbo hilo hilo. Aprili 2018 taasisi ya mwanasheria Bryan Stevenson ilifungua eneo la kumbukumbu ya watu weusi waliouawa na makundi ya wazungu bila hukumu ya mahakama. Mara tu unapoingia unakutana na watumwa wa Kwame Akoto-Bamfo, mchongaji wa Ghana, nao wamefungwa minyororo shingoni, mmoja wao ni mama mwenye mtoto mchanga. Tofauti na Mkunazini, hawa wako usawa wako, kwa hiyo wanakutazama machoni.

Lakini kazi kubwa pale haina sura ya mtu hata moja. Ni nguzo zaidi ya 800 za chuma chenye rangi ya kutu, kila moja kwa wilaya moja, zimeandikwa majina ya waliouawa kati ya 1877 na 1950, zaidi ya watu 4,000. Unapoanza kutembea nguzo ziko usawa wako kama watu waliosimama. Sakafu inashuka polepole nazo zinabaki pale pale, hata mwishoni zinaning'inia juu ya kichwa chako. Hukuhitaji kuelezwa waliuawaje. Waliobuni eneo hilo, kampuni ya MASS, walijijengea jina kwa hospitali ya Butaro kule Rwanda, na wasomaji wetu wa Kigali huenda wanazijua kazi zao kuliko mimi.

Mji huo huo una meza ya mviringo ya Maya Lin ya mwaka 1989, ya itale nyeusi, maji yakipita juu yake taratibu, na majina ya waliouawa kati ya 1954 na 1968 yamechongwa kuizunguka. Mtu hawezi kusoma jina bila kutaka kuligusa, na akiligusa maji yanagawanyika vidoleni mwake. Kwangu mimi hiyo ni sanamu, ingawa wataalamu wanaweza kunipinga.

MCHANGIAJI (Nairobi)

Ndugu mleta uzi, naona unawapendelea wasio na majina na kuwaonea viongozi. Je, King hakustahili kuinuliwa? Mimi niliona ile sanamu yake ya Washington, mita tisa kwenda juu, nikasema angalau mmoja wetu naye amepewa jiwe kubwa kati ya marais wao.

MLETA UZI

Ndugu yangu, hoja yako ina haki, na siidharau furaha yako. Kumweka mchungaji ambaye hakuwahi kushika cheo cha serikali katika eneo lile, mwaka 2011, lilikuwa jambo kubwa. Wazo lake nalo ni zuri: mlima umekatwa katikati, na kipande kilichosukumwa mbele ndicho King, kutokana na maneno yake mwenyewe kuhusu jiwe la tumaini litokalo katika mlima wa kukata tamaa. Tatizo langu ni kwamba mchongaji, Lei Yixin wa China, alimkunjisha mikono na kumkazia uso, akawa anatazama mbali juu ya vichwa vyetu. Mtu aliyeishi katikati ya umati amegeuzwa mtu ambaye umati hauwezi kumfikia.

Hata maneno yaliponzeka hivyo hivyo. Februari 1968, kanisani kwake Atlanta, King alisema kwamba ikiwa watu watataka kumwita kiongozi wa gwaride, basi waseme alikuwa kiongozi wa gwaride la haki. Kule kwenye jiwe likakatwa "ikiwa", ikabaki sentensi ya mtu anayejisifu. Mshairi Maya Angelou alilalamika waziwazi, na mwaka 2013 maandishi yale yakachongolewa na kufutwa. Neno moja dogo la masharti, na tabia nzima ya mtu ikageuka.

Linganisha na Boston. Januari 2023 ilizinduliwa sanamu iitwayo Kumbatio, kazi ya Hank Willis Thomas, iliyotokana na picha ya mwaka 1964 ya King na mkewe Coretta wakikumbatiana baada ya habari za Tuzo ya Nobeli. Msanii aliacha vichwa na viwiliwili, akabakiza mikono tu. Mitandao ilicheka kwa wiki nzima, na nakiri kwamba ukiitazama kutoka pembe fulani unakosa pa kuiweka. Lakini waliocheka walikuwa wanatazama picha kwenye simu. Ile si sanamu ya kutazamwa kwa mbali. Unaingia chini ya mikono, na ukiwa ndani, anayekumbatiwa ni wewe.

Kama unataka kiongozi na mtu wa kawaida wakae pamoja, nenda San José, California, katika chuo kikuu walikosoma wakimbiaji weusi wa Marekani, Tommie Smith na John Carlos. Hao ndio waliopandisha ngumi zenye glavu nyeusi juu ya jukwaa la washindi kule Mexico, Oktoba 1968 (michezo ile ile ambayo siku chache baadaye John Stephen Akhwari wetu alimaliza mbio za marathoni akichechemea). Sanamu yao iliwekwa mwaka 2005, kazi ya msanii anayejiita Rigo 23. Smith yupo, Carlos yupo, lakini nafasi ya pili, ya Mwaustralia Peter Norman, iko wazi. Norman alivaa beji ya kuwaunga mkono siku ile, na alipoulizwa kuhusu sanamu aliomba asichongwe, ili mgeni yeyote aweze kupanda pale na kusimama aliposimama yeye. Mwaka uliofuata alifariki, na Smith na Carlos wakawa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.

MCHANGIAJI (Dodoma)

Mkuu, nimerudi. Hao wa Birmingham waliojenga yote haya, je, sanamu za upande wa pili, wale waliopigania utumwa, walizifanya nini?

MLETA UZI

Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka bustani hiyo, katika Linn Park, palikuwa na nguzo ya mawe ya kuwaenzi wanajeshi wa majimbo ya kusini, iliyowekwa mwaka 1905. Mwaka 2017 jimbo lilipitisha sheria ya kuzuia minara ya namna hiyo isiondolewe. Jiji likaizungushia mbao. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua Novemba 2019 kwamba hata kuizungushia mbao ni kosa, faini dola 25,000. Juni 2020, wakati wa maandamano ya kifo cha George Floyd, Meya Randall Woodfin akaing'oa kabisa, akijua kiasi cha faini inayomsubiri. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtoto wa Birmingham aliweza kuona mbwa wa Drake na nguzo ile katika matembezi ya mchana mmoja.

MCHANGIAJI (Mombasa)

Ndugu, uliahidi habari ya wasichana wanne na bado hujaileta. Nami nauliza pia, mtu akifika huko aanzie wapi?

MLETA UZI

Aanzie kwenye kona inayotazamana na kanisa, kwa kuwa hapo ndipo walipo wasichana hao.

Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963, miezi minne tu baada ya yale ya Mei, bomu lililotegwa na watu wa Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi, lililipuka katika kanisa lile. Waliuawa Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson, wote wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Siku hiyo hiyo wavulana wawili weusi, Johnny Robinson na Virgil Ware, walipigwa risasi wakafa katika sehemu nyingine za mji. Mtu wa kwanza kuhukumiwa kwa bomu lile alihukumiwa mwaka 1977, na wa mwisho mwaka 2002.

Sanamu ilizinduliwa Septemba 2013, kumbukumbu ya miaka 50, kazi ya Elizabeth MacQueen. Hakuwachonga wafu, wala hakuwachonga malaika. Mmoja amekaa kwenye benchi na kitabu. Mwingine amesimama akiashiria kwa mkono kuelekea kanisani, kama anayewaambia wenzake wafanye haraka. Denise anawarusha njiwa sita, wanne kwa ajili yao na wawili kwa ajili ya wale wavulana. Na Addie Mae amepiga magoti nyuma yake akimfunga mkanda wa gauni. Benchini pana nafasi, na watu hukaa. Nilipokwenda mara ya mwisho alikuwa amekaa bibi mmoja na mkoba wake mapajani, haongei na mtu, akitazama kule mkono wa yule msichana unakoelekeza.

Ule mkanda si pambo la mchongaji. Sarah, mdogo wake Addie Mae, alikuwa nao katika chumba kile akiwa na miaka 12, akapoteza jicho moja lakini akaishi. Ndiye aliyesimulia kwamba kitu cha mwisho alichokiona ni dada yake akimfunga Denise mkanda.